Ishara zinazoumba pituitari, na kwa nini haziachi kazi mnyama akishakomaa

Swali lenyewe liko hivi: "Shikamoo mwalimu. Nasoma baiolojia mwaka wa tatu na wikiendi nasaidia kwenye hechari ya kambale. Pale huwa tunatoa pituitari ya samaki mkubwa, tunaisaga, tunamchoma jike ili atoe mayai. Darasani tumefundishwa kwamba Shh, BMP, FGF, Wnt na Notch ndo zinaumba pituitari kwenye kiinitete, alafu somo likaishia hapo, topiki iliyofuata ikawa LH na FSH kama vitu viwili visivyojuana. Je hizo njia zina uhusiano wowote na homoni zenyewe au zinakufa kiinitete kikishaumbika? Na nikitaka kufanya projekti ya mwaka wa mwisho kuhusu hili bila maabara kubwa, naanzia wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa wasomaji wengine: pituitari ni katezi kadogo chini ya ubongo kanakotoa homoni; Shh (ndo ishara ya njia ya Hedgehog), BMP, FGF, Wnt na Notch ni ishara ambazo seli zinatumiana; LH na FSH ni homoni za pituitari zinazoendesha ovari na korodani. Umegusa kitu ambacho vitabu vingi vinakikata katikati, sura moja ya kiinitete, sura nyingine mbele huko ya homoni, na mwanafunzi anaachwa aunganishe mwenyewe. Jibu la haraka: hazifi. Zingine zinapungua nguvu, zingine zinahamia kazi nyingine, na kuna familia moja, ile ya TGF-beta ambayo BMP ni tawi lake, ambayo ndugu yake mmoja ndo anashika uzalishaji wa FSH kila siku ya maisha ya uzazi ya mnyama. Na hata zile zilizonyamaza, utaratibu zilioufuata mwanzoni ndo unaamua tezi ya mtu mzima itaweza kutoa homoni gani na kwa kiasi gani. Sasa tuingie ndani taratibu.

Anza na pale unapotoa tezi. Kambale fuvu lake ni gumu sana juu, kwa hiyo kawaida mnaondoa taya la chini mnaingilia kwenye kaakaa, mnavunja mfupa kidogo na hapo chini ya ubongo mnakuta kapunje kadogo keupe kenye upinki. Njia hiyo mnayopita kutokea mdomoni inaendana na asili ya tezi yenyewe, maana sehemu ya mbele ya pituitari, ile inayotoa LH, FSH, TSH (inayoamsha tezi ya shingo), ACTH (inayoamsha tezi za juu ya figo), prolaktini (ya maziwa) na homoni ya ukuaji, imetokana na tishu ya kinywa. Kwa mamalia paa la kinywa cha kiinitete linabonyea juu na kutengeneza kifuko, kinaitwa kifuko cha Rathke kwa jina la Mjerumani Martin Rathke aliyekieleza mwaka 1838. Sehemu ya nyuma, inayotoa oksitosini na vasopresini, ni ubongo kabisa ulioshuka chini. Kwa hiyo tezi moja ina wazazi wawili, tishu ya mdomo na tishu ya ubongo, na zile ishara ulizofundishwa ni mazungumzo kati ya hao wawili wakiwa wamegusana.

Kwa panya wa maabara, ambaye mimba yake ni kama siku 19 au 20, mazungumzo yanaanza karibu siku ya 9. Sakafu ya ubongo inatoa BMP4, na bila hiyo kifuko hakianzi kabisa. Inafuata FGF8 na FGF10 kutoka palepale, hizi zinafanya seli za kifuko ziishi na ziongezeke, na zinawasha jeni ya Lhx3 ambayo bila yake tezi inaanza alafu inakufa njiani. Shh yenyewe inatoka kwenye tishu ya kinywa inayozunguka, ila pale kifuko kinapobonyea Shh inazimwa, kwa hiyo mpaka unajichora wenyewe kati ya seli zitakazokuwa kinywa na zitakazokuwa pituitari. Baadaye BMP2 inatokea upande wa chini, na sasa una kifuko ambacho juu kuna FGF nyingi na chini kuna BMP nyingi, seli kila moja inasoma iko wapi kwa kupima kiasi cha hiki na hiki. Miaka ya mwisho ya 1990 ndo picha hii ilijengwa vizuri, kwamba walio chini wanaelekea kuwa seli za LH na FSH, walio katikati wanaelekea kwenye homoni ya ukuaji, prolaktini na TSH. Tangu hapo imerekebishwa, maana sasa tunajua muda una uzito sawa na mahali, BMP ile ile ikiendelea kupiga kelele baada ya saa yake inaharibu, lazima kuwe na protini za kuizima. Ila msingi wake umebaki.

Hapa naomba utulie kidogo kwenye jeni mbili, Hesx1 na Prop1, kwa sababu hapa ndo utaona kwa macho jinsi ishara ya kiinitete inavyogeuka kuwa homoni. Hesx1 inafunga, inaziambia seli "bado, endeleeni kuongezeka". Prop1 ndo inafungua mlango wa kundi zima la homoni ya ukuaji, prolaktini na TSH kwa kuwasha jeni nyingine inayoitwa Pit1. Sasa nani anaiambia Prop1 ifungue? Mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba beta-katenini, yule mjumbe wa njia ya Wnt anayeingia ndani ya kiini cha seli, anashikana moja kwa moja na Prop1, na wawili hao wakiwa pamoja wanafanya kazi mbili kwa mpigo: wanaizima Hesx1 na wanaiwasha Pit1. Ukiiwasha Prop1 mapema kuliko muda wake tezi haikui kabisa, ukiichelewesha au ukiikosa unapata mnyama mfupi asiye na homoni hizo.

Na wanyama hao wapo. Mwaka 1929 George Snell alieleza panya vibeti, na mwaka 1990 ikajulikana kwamba tatizo lao ni Pit1. Wengine, wale wa Ames, Iowa, walielezwa mwaka 1961 na mwaka 1996 jeni yao ikapatikana ikaitwa Prop1. Ukikata kifuko cha panya wa Ames ukaangalia kwenye darubini unaona seli zimekwama palepale ukutani kuzunguka uwazi wa katikati, zimeshindwa kutoka kwenda kujaza sehemu ya mbele ya tezi, zimerundikana mpaka ukuta unajikunja. Yaani homoni haipo kwa sababu seli haikuhama. Panya hawa wanaishi muda mrefu sana kuliko ndugu zao wa kawaida, na watu wanaofanya risechi ya uzee wamewasoma miaka na miaka kwa sababu hiyo.

Kwa binadamu kuna kisiwa cha Krk huko Kroatia, ambako tangu mwaka 1925 madaktari walieleza familia zenye watu wafupi sana wasiobalehe, na baadaye ikaja kuonekana ni PROP1. Angalia mfuatano wa ugonjwa wenyewe: mtoto anazaliwa saizi ya kawaida, ukuaji unaanza kudorora utotoni, alafu tezi ya shingo inapungua kazi kwa kukosa TSH, alafu umri wa kubalehe unapita hakuna kitu, na baadhi yao wakiwa watu wazima kabisa ACTH nayo inaanza kupungua, ACTH ambayo wala haitoki kwenye ukoo wa Pit1. Mimi naona hapa ndo jibu la swali lako lilipo kwa uzito wake. Kosa lilifanyika kwenye kiinitete lakini homoni zinaondoka moja moja kwa miaka 20 au 30, kwa sababu tezi ya mtu mzima inaishi kwa kujijaza upya kutoka kwenye seli zilezile ambazo ishara za mwanzo zilitakiwa ziziandae. Ndo maana mgonjwa wa namna hii hapimwi mara moja akaachwa, anarudi kila mwaka kupimwa kortisoli, ile homoni ya tezi za juu ya figo inayotegemea ACTH.

Notch nitaipitia haraka. Hii inafanya kazi seli na seli zikigusana, moja inamwambia jirani yake asiamue bado. Hes1, ambayo Notch inaiwasha, ikiondolewa kwa panya seli zinakimbilia kuwa za ACTH mapema, hifadhi inaisha, tezi inabaki ndogo. Kinyume chake, Notch ikilazimishwa kubaki imewaka ndani ya seli ambazo zimeshaanza kukomaa, zinashindwa kufika kwenye homoni. Kwa hiyo lazima ikae, alafu lazima iondoke, ila isiondoke kwa wote.

Sasa Hedgehog, na hapa kuna kisa cha kweli ambacho kila anayesoma mifugo angepaswa kukijua. Miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, wafugaji walikuwa wanapata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wakafuatilia mpaka wakagundua kondoo walikuwa wanakula mmea wa milimani unaoitwa Veratrum californicum, na madhara yanatokea akiula siku ya 14 ya mimba, siku hiyo hasa. Kemikali yenyewe ikaitwa saiklopamini, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana kwamba inaziba njia ya Hedgehog. Lakini wafugaji walikuwa na lalamiko la pili ambalo watu wengi hawalitaji: baadhi ya kondoo hao walikuwa hawazai. Mimba ya kondoo ni siku kama 150, hawa zinapita, wiki zinaongezeka, kondoo tumboni anazidi kuwa mkubwa mpaka mama anakufa au anapasuliwa.

Kwa nini? Kwa sababu kwa kondoo anayeamua siku ya kuzaliwa ni mtoto. Pituitari ya mtoto inatoa ACTH, ACTH inaamsha tezi za juu ya figo zake, kortisoli inapanda, inabadilisha kondo la nyuma liache kutengeneza projesteroni litengeneze estrojeni, na uchungu unaanza. Graham Liggins huko New Zealand alilithibitisha miaka ya 1960, aliharibu pituitari ya mwanakondoo akiwa tumboni na mama akashindwa kuzaa kwa wakati, akampa mtoto kortisoli na uchungu ukaja kabla ya siku. Kwenye majaribio hayohayo akaona watoto njiti waliopata kortisoli mapafu yao yamefunguka kuliko ilivyotegemewa, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakatoa matokeo kwa binadamu, ndo asili ya sindano ya deksamethasoni anayopigwa mama anayeelekea kujifungua njiti kwenye hospitali zetu leo. Sasa rudisha mnyororo nyuma: mmea siku ya 14, Hedgehog imezibwa, pituitari haijaumbika au haijakaa mahali pake, na miezi minne na zaidi baadaye homoni moja haipo na mama hazai. Ukiulizwa kwenye mtihani uhusiano wa njia za kiinitete na kazi ya homoni, andika hiki kisa. Kwa binadamu jeni ya GLI2, inayopokea ujumbe wa Shh ndani ya seli, ikiharibika unapata watoto wenye upungufu wa homoni ya ukuaji au zaidi ya hiyo, na wengine wana kidole cha ziada, maana Shh hiyohiyo ndo inayopanga vidole.

Kwa samaki wako sasa. Samaki hana kifuko chenye uwazi kama cha panya, ana kibamba cha seli mbele ya kichwa kinachoingia ndani, lakini ishara ni zilezile. Kwa zebrafishi, yule samaki mdogo wa maabara, Hedgehog ikikosekana seli zilizotakiwa kuwa pituitari zinageuka kuwa lenzi ya jicho. Lenzi kabisa, iliyo mahali pasipo pake. Na zile zinazopata Hedgehog nyingi zinakuwa za mbele zaidi, upande wa prolaktini, kiasi kikipungua aina zinabadilika. FGF nayo inahitajika, hapa ni Fgf3, bila hiyo seli zinakufa. Mpangilio huo haupotei, kwa sababu samaki aliyekomaa tezi yake bado imegawanyika kwa maeneo: mbele kabisa prolaktini na ACTH, katikati homoni ya ukuaji, TSH, LH na FSH, nyuma ile sehemu ya MSH, homoni ya rangi ya ngozi. Kwa mamalia seli zimechanganyika zaidi. Kitu kingine, kwa mamalia seli moja mara nyingi inatoa LH na FSH zote mbili, kwa samaki wengi wa mifupa kila moja ina seli yake. Na samaki hana ule mshipa maalumu wa damu unaopeleka ujumbe wa haipothalamasi (sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi) kwenye tezi, neva zake zinaingia moja kwa moja ndani.

Hiyo ya mwisho inaeleza kwa nini hechari zinafanya mnachofanya. Kambale jike aliyefungwa kwenye tanki mayai yanakua mpaka hatua ya mwisho alafu yanasimama, kwa sababu neva za dopamini zinabana LH isitoke. LH imetengenezwa, imehifadhiwa tele ndani ya seli, ila breki imekanyagwa. Mnapotoa pituitari ya mwenzake na kuisaga mnachukua ile akiba iliyobanwa, mnaruka breki yote. Ndo maana baada ya sindano, maji yakiwa nyuzi 25, kwenye masaa 11 hivi mayai yanakuwa tayari kukamuliwa, maji yakishuka mpaka 20 inafika masaa 21. Zile dawa za dukani za kuchoma zenye homoni ya haipothalamasi pamoja na domperidoni zinafanya kazi tofauti kidogo, zinaondoa breki ya dopamini na kumpa msukumo, LH anayoitoa ni yake mwenyewe.

Tuje kwa mnyama aliyekomaa, ambako ndo hasa ulipouliza. Familia ya TGF-beta ni kubwa na ndani yake, pamoja na BMP, kuna aktivini na inhibini. Inhibini ilisafishwa mwaka 1985 na aktivini mwaka 1986, watu walikuwa wanatafuta kitu kwenye maji ya folikoli za ovari kinachozima FSH, wakakipata, na palepale wakakuta ndugu yake anayefanya kinyume. Aktivini inatengenezwa ndani ya pituitari yenyewe, inashika kipokezi, zinawashwa protini zinazoitwa SMAD, zinaingia kwenye kiini cha seli zikishirikiana na protini nyingine, FOXL2, na jeni ya FSH inawaka. Hizo SMAD ni watu walewale wanaobeba habari za familia hii kwenye kiinitete. Ukiondoa SMAD4 na FOXL2 kwenye seli hizo kwa panya, FSH inaisha na majike wanakuwa tasa. Inhibini inakuja na damu kutoka ovari au korodani kuja kuziba, na folistatini ipo palepale kwenye tezi inaikumbatia aktivini isishike kipokezi. Kwa hiyo mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, folikoli zinapungua, inhibini inapungua, aktivini inabaki bila mtu wa kuizuia, FSH inapanda. Tunapima FSH kila siku kwenye kliniki za uzazi, na tunachopima pale, kwa sehemu kubwa, ni mvutano wa ishara za familia ya kiinitete.

Alafu angalia jinsi inavyoungana na GnRH, ile homoni ya haipothalamasi inayoiamuru pituitari itoe LH na FSH. Kundi la Ernst Knobil mwaka 1978 lilionyesha kwa nyani kwamba GnRH ikitolewa kwa mapigo, moja kila saa, pituitari inatoa LH na FSH vizuri, ikimwagwa mfululizo bila kupumzika inazima zote. Na mapigo yakiwa ya haraka LH inapendelewa, yakiwa ya polepole FSH inapanda. Watu wengi wanakariri hilo bila kujua linatokeaje. Sehemu ya jibu ni folistatini: mapigo ya haraka yanaongeza folistatini, aktivini inabanwa, FSH inashuka huku LH inaendelea. Na LH nayo ina mjumbe wake kutoka kiinitete, GnRH inapogonga seli inaongeza beta-katenini, ileile ya Wnt, nayo inakaa na protini mbili zinazowasha jeni, SF1 na EGR1, juu ya jeni ya LH ili iwake sawasawa. Mnaona, ishara ya ubongo inapita kwenye mikono ya wajumbe walewale waliojenga seli.

BMP4 yenyewe inabaki kwenye tezi ya mtu mzima na inafanya mambo mawili tofauti kwa majirani wawili. Kwa seli za prolaktini inazisukuma, tena ikishirikiana na kipokezi cha estrojeni, na kwenye uvimbe wa prolaktini inakuwepo nyingi. Kwa seli za ACTH inazibana. Shh nayo imeonekana kwenye seli za ACTH za tezi iliyokomaa na inaongeza utoaji wake. Kwa hiyo usikariri kwamba ishara fulani "inaongeza homoni", uliza kwanza ni seli gani inaisikiliza.

Kuna hili la seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua na zinaweza kuzaa aina nyingine, ambalo mimi binafsi ndo linanigusa zaidi. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba tezi ya mnyama mzima bado ina seli zenye SOX2, protini inayotumika kuzitambua seli shina, zilizopanga mstari palepale ulipokuwa uwazi wa kifuko cha Rathke, na mwaka 2013 makundi mawili ya London yakazifuatilia kwa alama wakathibitisha kwamba zinazaa seli za homoni. Ukimwondolea panya tezi za juu ya figo, hizo seli zinaamka na kuzaa seli za ACTH. Baadaye ikaonekana pia zinatoa Wnt kwa majirani ili wao waongezeke, yaani seli shina inafanya kazi kubwa kwa kuongea kuliko kwa kuzaa. Na ishara ikikwama ndo ugonjwa: kuna uvimbe unaoitwa kraniofaringioma, aina inayowapata watoto, ambamo beta-katenini imeharibika kiasi kwamba haivunjwi, na kwa panya wenye kosa hilo kwenye seli za SOX2 iliyogeuka uvimbe haikuwa seli yenye kosa, walikuwa majirani zake waliokuwa wanaambiwa na yeye waongezeke bila kukoma.

Kwetu Afrika Mashariki hifadhi hii inajaribiwa labour ward. Mama mjamzito pituitari yake inakua sana kwa sababu seli za prolaktini zinaongezeka zikisukumwa na estrojeni, lakini damu inayoifikia inakuja kwa presha ndogo. Akivuja damu nyingi baada ya kujifungua tezi inakosa hewa na sehemu yake inakufa, Harold Sheehan wa Glasgow aliieleza mwaka 1937. Mama anasalimika, anaenda nyumbani, maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani hazioti tena, amechoka miaka na miaka, presha iko chini, na wengine wanaambiwa ni malaria sugu au mawazo. Seli shina zipo lakini haziwezi kurudisha tezi iliyokufa nusu na zaidi. Ukikutana na mama wa hivyo kwenu msaidie afike kwa daktari wa homoni, na kwa wanaotibu naomba sana: haidrokotisoni kwanza, thairoksini baadaye, kwa sababu ukianza na thairoksini kwa mtu asiye na kortisoli unaweza kumuua.

Sasa projekti yako. Usijaribu kupima Shh wala Notch, vifaa na kemikali zake vitakula muda na hela bila matokeo. Wewe una kitu ambacho maabara nyingi hazina, pituitari mbichi za kambale kila wiki. Omba samaki wachache ambao hawajakomaa na waliokomaa, mpime kila mmoja uzito wa mwili na wa ovari au korodani upate uwiano wake, na badala ya kukwangua tezi kata kipande cha sakafu ya fuvu ikiwa bado imeshikamana na ubongo. Tia kwenye Bouin, ile dawa ya kuhifadhi tishu isioze, siku nzima, hamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70, mfupa ukibaki ulainishe kwanza kwa asidi maana utaharibu kisu, alafu zamisha kwenye nta na ukate kwa urefu kutoka mbele kwenda nyuma ili maeneo yote matatu yaonekane kwenye slaidi moja. Rangi tumia PAS pamoja na Orange G. Seli za LH, FSH na TSH zina sukari kwenye homoni yake kwa hiyo zinashika PAS zinakuwa za zambarau, za prolaktini na ukuaji zinakuwa za chungwa. Hesabu eneo la zambarau kwenye ile sehemu ya katikati ulinganishe na ukomavu wa ovari. Ila usiziite zote LH, TSH nazo zimo humohumo, andika tu seli zinazoshika PAS.

Kama msimamizi wako ana mashine ya PCR, ya kupima jeni imewaka kiasi gani, basi tezi zingine chache zitumbukize kwenye kemikali ya kuhifadhi RNA dakika hiyohiyo unapozitoa na uangalie jeni nne tu, LH, FSH, aktivini na folistatini, kwa samaki walewale uliowapima uzito. Na kila samaki andika joto la maji la siku hiyo na saa uliyomuua, kwa sababu vitu hivyo viwili peke yake vinaweza kubadilisha LH kuliko ukomavu unaoutafuta.